Madame, Frau, Señora: mgeni wa kike kutoka Ulaya aandikiweje?

SWALI: Ninapokea bukingi katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Fomu yetu ina Mr, Mrs na Miss, basi. Mwezi uliopita tulimwandikia mgeni Mfaransa, mama wa makamo ambaye hajaolewa, "Mademoiselle", tukidhani ndiyo adabu. Akatujibu kwa mkato. Mjerumani mmoja naye hakupenda kuitwa "Fräulein". Halafu wakaja mume na mke kutoka Ucheki, mmoja Novák, mwingine Nováková. Mwenzangu akaona ni kosa la uandishi, akalisawazisha jina la mke lifanane na la mumewe. Nitajuaje nani aitwe nini, na kwa nini maneno haya yana mitego kiasi hiki?

JIBU: Dada, tuanze na la haraka, yaani jina la Nováková. Lirudisheni leo kama lilivyo kwenye pasi. Katika Kicheki na Kislovaki jina la ukoo la mwanamke huongezwa -ová mwishoni: baba ni Novák, mama ni Nováková, kaka ni Novák, dada ni Nováková. Mkilikata, tiketi ya ndege ndogo ya kwenda Serengeti haitalingana na pasi, na atakayezuiwa pale kaunta ni mgeni, si mwenzako. Tangu mwanzo wa 2022 sheria ya Ucheki inamruhusu mwanamke yeyote kuchukua jina lisilo na -ová, kwa hiyo siku moja utampokea mama anayeitwa Novák kama mumewe. Yote mawili ni sahihi. Neno la mwisho ni la pasi.

Sasa kwenye swali lenyewe. Kanuni ya kwanza ni hii: mwanamke mtu mzima mpe neno la mtu mzima, awe ameolewa au hajaolewa. Mfaransa ni Madame, Mjerumani ni Frau, Mwitaliano ni Signora, Mhispania ni Señora, Mreno ni Senhora, Mholanzi ni Mevrouw, Mpolandi ni Pani, na kwa Kiingereza ni Ms. Usiulize habari za ndoa, usitazame pete, usikisie umri. Akitaka neno jingine atakwambia mwenyewe, au utaliona mahali alipotia sahihi yake.

Ukitaka kujua kwa nini "Mademoiselle" ilimchoma yule mgeni, lipasue neno uone limeundwaje. Kilatini kilikuwa na domus, nyumba, na domina, bibi mwenye nyumba. Domina ikazaa dame ya Kifaransa, donna ya Kiitalia, doña ya Kihispania, dona ya Kireno. Ma dame ni "bibi wangu", kama madonna ya Kiitalia. Sisi wa pwani tunao mwenzao: Siti linatoka kwenye sitti ya Kiarabu, nayo maana yake ni "bibi wangu" vilevile. Siti binti Saad alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilovikwa baadaye, likamkaa.

Mademoiselle ni domina yuleyule aliyetiwa katika hali ya udogo. Domina alipunguzwa akawa dominicella, bibi mdogo, na Wafaransa wakalilainisha likawa demoiselle. Fräulein ni Frau pamoja na kiambishi cha udogo -lein. Signorina ina -ina, señorita ina -ita, zote za udogo. Mejuffrouw ya Kiholanzi imejengwa juu ya jonkvrouw, "bibi kijana". Yaani lugha hizi zote zilikubaliana kwamba mwanamke asiye na mume abaki mdogo. Ni sawa na sisi kuamua kwamba hakimu wa miaka 60, kwa kuwa hajaolewa, aitwe "kijibibi". Mwanamume hakufanyiwa hivyo. Kijana wa Kifaransa huwa Monsieur na hubaki Monsieur mpaka kaburini, mwenye mke na asiye na mke. Kihispania kina señorito, lakini humaanisha mtoto wa tajiri aliyedekezwa, na hakuna fomu inayokuuliza kama wewe ni señor au señorito. Hapo ndipo mgeni wenu aliposikia mwiba, ingawa ninyi mlikusudia heshima.

Kiswahili hakina haja ya kuwaonea wivu. "Bi." ya magazetini na ya barua za ofisini haiulizi ndoa; Bi. Asha ni Bi. Asha. Waingereza na Wamarekani ilibidi walitafute neno la namna hiyo kwa miaka mingi, nitafika hapo.

Ufaransa ilimaliza shauri hili kwa upande wa serikali tarehe 21 Februari 2012, pale Waziri Mkuu François Fillon alipotoa waraka wa kuondoa kisanduku cha Mademoiselle katika fomu zote za umma. Waraka huohuo uliondoa maneno nom de jeune fille, "jina la usichana", badala yake yakawekwa nom de famille, jina la ukoo, na nom d'usage, jina la matumizi. Mwezi Desemba mwaka uleule mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilithibitisha kwamba waraka ni halali. Haukuwafunga watu binafsi wala kampuni, ila uliigeuza adabu yenyewe. Na ni waraka wa Ufaransa. Haukuigusa Lubumbashi wala Bujumbura. Pa kubakia na Mademoiselle ni padogo: binti wa shule, mwigizaji wa jukwaa la Comédie-Française ambako ni desturi ya kale, au bibi mzee anayetia sahihi Mlle kwa hiari yake. Huyo wa mwisho mfuate anavyotaka.

Namna ya kuandika ina mambo matatu madogo ambayo Mfaransa huyaona mara moja. La kwanza, katika barua rasmi salamu ni Madame, kisha mkato, bila jina. "Madame Dupont," juu ya barua ni kosa la adabu kwa waliolelewa zamani, ingawa kwenye barua pepe "Bonjour Madame Dupont," imezoeleka na ndiyo itakayowafaa ninyi. La pili, neno ulilofungulia lirudie kwenye kufunga: Je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées. Kosa hutokea mtu anaponakili barua ya mwezi uliopita akabadili juu tu, chini akasahau. Mgeni anaanza kama Madame na kumaliza kama Monsieur. La tatu, ufupisho Mme hauna nukta, kwa sababu herufi yake ya mwisho ndiyo herufi ya mwisho ya neno lenyewe, M. ya Monsieur ina nukta kwa kuwa neno limekatwa njiani. Mr ni Kiingereza. Na Mme ni ya bahasha na orodha ya wageni. Kwenye salamu andika neno zima.

Kwa Wajerumani, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani Magharibi iliagiza mwaka 1972 kwamba kila mwanamke mtu mzima aitwe Frau katika maandishi ya serikali. Leo Fräulein ni neno la mzazi anayemkaripia binti yake, au la mtu anayefanya kejeli. Hata sarufi yake inauma: kwa kuwa kila neno lenye -lein au -chen huingia katika jinsia ya kati, Fräulein na Mädchen, msichana, huchukua das, kikundi kimoja na das Haus, nyumba. Frau huchukua die, ya kike.

Mtego wenu mkubwa kwa Wajerumani utakuwa herufi moja. Mwanamke ni Sehr geehrte Frau Schmidt, mwanamume ni Sehr geehrter Herr Schmidt. Hiyo r ikimponyokea mwanamke, barua inasoma kama sisi tukisema "kitabu yangu". Baada ya salamu weka mkato, na mstari unaofuata uanze kwa herufi ndogo, isipokuwa neno la kwanza liwe nomino au Sie. Waswisi wao huacha mkato na kuanza kwa herufi kubwa. Mwenye udaktari wa falsafa au wa tiba ni Frau Dr. Schmidt, mwenye uprofesa ni Frau Professor Schmidt, na kwa Waaustria shahada usizichezee: akiweka Mag. mbele ya jina lake, nanyi iwekeni.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama Frau Schmidt si sawa na kusema "mke wa Schmidt", kwa kuwa meine Frau ni "mke wangu". Hapana. Frau hufanya kazi mbili, mwanamke na mke, kama femme ya Kifaransa na mujer ya Kihispania. Likiwa na "wangu" ni mke, likiwa mbele ya jina ni heshima. Kiingereza kilikuwa hivyohivyo: wif ya kale ilimaanisha mwanamke yeyote, na ili kusema "mtu wa kike" wakaunganisha wif na mann, mtu, wakapata wifmann, ambayo ndiyo woman ya leo. Mswahili asishangae, kwani mwanamke ni mwana na mke, na hiyo -ke ni ileile ya "kike". Wif ya maana ya kale imebaki ndani ya midwife, mkunga, yaani aliye pamoja na mwanamke.

Kiingereza ndicho chenye historia iliyopinda zaidi. Mrs, Miss na Ms zote ni watoto wa neno moja, mistress, lililotoka kwenye Kifaransa cha kale, mwanamke mwenye mamlaka, jozi ya master. Katika karne ya 17 na ya 18 Mrs haikuwa habari ya ndoa. Ilikuwa ya hadhi: mwenye duka, msimamizi wa nyumba kubwa, mwanamke wa familia yenye jina, wote Mrs hata wasipoolewa. Miss ilikuwa ya wasichana wadogo. Baadaye ndipo Mrs ikasukumwa upande wa walioolewa na Miss ikapandishwa umri. Mistress yenyewe ikaporomoka hadi kuwa hawara, wakati master hakuteremka hata ngazi moja. Madam nayo, licha ya heshima yake, ikapata maana ya pili ya mwenye danguro. Ukifuatilia maneno ya wanawake katika lugha hizi utaona mteremko huo tena na tena: Weib, iliyokuwa mwanamke wa kawaida katika Kijerumani, leo ni neno la kudharau, spinster, mwanamke asokotaye uzi, likawa "aliyekosa mume", na halikuondolewa katika daftari za ndoa za Uingereza na Wales mpaka 2005. Lady lilibahatika. Asili yake ni hlæfdige, yaani akandaye mkate, na lord ni mlinzi wa mkate, na wote wawili walipanda.

Ms ilipendekezwa na gazeti la Springfield, Massachusetts, tarehe 10 Novemba 1901, kwa hoja ya kawaida kabisa: mwandishi wa barua hajui kama mama huyu ameolewa, na akikosea anaudhi. Ndiyo hoja yako hasa, dada. Pendekezo likalala. Mwanaharakati wa haki za wanawake, Sheila Michaels, akalifufua mwanzoni mwa miaka ya 1960, jarida lililobeba jina hilo likaanza kuchapishwa Marekani 1971 na 1972, na gazeti la New York Times likakubali kulitumia mwaka 1986 tu. Hutamkwa "miz". Waingereza huandika Ms bila nukta, Wamarekani Ms. na nukta. Kwenye fomu yenu Ms ndiyo iwe chaguo la kawaida. Mrs iwepo kwa wanaoipenda, nao ni wengi, hasa wazee. Miss ibaki ya watoto na ya anayeichagua mwenyewe.

Mkipata mgeni mwenye Dame, cheo cha heshima cha Uingereza, cheo hicho hutangulia jina la kwanza. Jane Goodall wa sokwe wa Gombe alikuwa Dame Jane, au Dame Jane Goodall kwa ukamilifu, kamwe si Dame Goodall. Na memsahib, au memsabu ya Kenya ya wakoloni, msimwite mgeni hata kwa utani. Mem ni ma'am ya Kiingereza, sahib ni bwana kwa Kihindi, na mchanganyiko huo unanuka boma la gavana.

Kusini mwa Ulaya shida si ndoa sana kama ilivyo jina lipi lifuate lipi. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama pili, na habadilishi akiolewa. María García López ni Señora García. Mkimwita Señora López mmemwita kwa ukoo wa mama yake. Mreno ni kinyume: la baba huja mwisho, kwa hiyo Ana Silva Santos ni Senhora Santos. Kisha kuna doña na dona, ambazo huenda na jina la kwanza peke yake: doña María, dona Ana. "Doña García" halipo. Wareno hupenda njia hiyo, na mwenye shahada huitwa Dra. Ana bila kuwa tabibu. Neno dona lina historia hata upande wetu wa Afrika. Katika bonde la Zambezi, Msumbiji, taji la Ureno lilitoa mashamba makubwa yaliyoitwa prazo na kuyakabidhi kwa wanawake, yarithiwe na mabinti kwa vizazi vitatu. Hao dona walikuwa na ardhi, watumwa na askari wao.

Salamu ya Kihispania ni Estimada señora García, nayo hufungwa kwa nukta mbili, si mkato. Ukimwita usiweke kibainishi, yaani ile la ya mbele. Ukimtaja kwa mwenzako kiweke: Señora García, pase, "karibu upite", lakini la señora García ya llegó, "amekwisha fika". Waitaliano wana utaratibu huohuo. Kwao kuna silaha moja inayofungua milango: dottoressa. Yeyote mwenye shahada ya chuo kikuu ni dottoressa, kwa hiyo kama sahihi yake ina dott.ssa, andika Gentile dott.ssa Rossi na umemaliza. Signorina utaisikia sokoni na dukani, muuzaji akimwita msichana. Kwenye barua iache.

Jambo hili la majina liwaingie wote wa mapokezi, hata wanaopanga vyumba. Nchini Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1794, jina halali ni la cheti cha kuzaliwa. Mwanamke akiolewa huruhusiwa kulitumia la mume, lakini la kwake halifi. Pasi yake yaweza kuonyesha Dupont na chini yake la matumizi, Martin. Mwitaliano pasi yake ina jina la kuzaliwa. Ubelgiji ni hivyo, Hispania ni hivyo, na Ugiriki tangu 1983 sheria inamtaka mwanamke abaki na jina lake. Tena jina la Mgiriki wa kike hubadilika mwisho: kaka ni Papadopoulos, dada ni Papadopoulou. Kwa hiyo mume na mke wa ndoa ya miaka 30 wanaweza kufika na majina mawili yasiyofanana kabisa. Msiwaulize kama wameoana na msiwape vitanda viwili kwa kukisia.

Waholanzi hawana makuu: mevrouw kwa wote, kwa ufupi mw. au mevr. Mwangalie tu hiyo "de" na "van". Anna de Vries ina d ndogo kwa sababu jina la kwanza limetangulia; likiondoka, d inakua: Geachte mevrouw De Vries. Mbelgiji wa Kiholanzi yeye hufuata kitambulisho chake kila mahali. Na akiwa mevrouw Jansen-de Vries, Jansen ni la mume, de Vries ni la kwake.

Mashariki, jinsia imo ndani ya jina. Mpolandi Kowalski ana mke na binti Kowalska. Mrusi Ivanov ana dada Ivanova. Warusi wakiheshimu hawatumii neno la mbele sana. Hutumia jina la kwanza na la baba. Mwanamke wa kwanza kwenda angani, mwaka 1963, ni Valentina Vladimirovna Tereshkova, yaani Valentina binti Vladimir, na adabu ni kumwita Valentina Vladimirovna. Walithuania wamekwenda mbali zaidi: mwisho wa jina ulisema kama mtu ni mke au ni binti. Dalia Grybauskaitė, rais kuanzia 2009 hadi 2019, ana -aitė, ya binti. Mke wa Grybauskas angekuwa Grybauskienė. Hungaria utakutana na bibi mzee anayeitwa Kovács Jánosné. Hapo jina lake mwenyewe halimo kabisa. Kovács ni ukoo, János ni mume, -né ni "mke wa". Sisi tunaoita "Mama Juma" tunalielewa jambo hilo upesi, ila kwenye pasi ndilo jina rasmi, herufi kwa herufi, na ukoo hutangulia.

Kwa Mpolandi andika Szanowna Pani, bila jina. Pani ni neno la heshima na pia ni njia ya kusema "wewe": Czy Pani chce herbaty? ni kama mwenyeji anayemwuliza mgeni, "Mama atapenda chai?" Mkizoeana atawaruhusu Pani Anno, jina la kwanza likiwa limegeuzwa mwisho kwa ajili ya mwito.

Aislandi ndiko Mswahili anakojisikia nyumbani. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa rais mwaka 1980, mwanamke wa kwanza duniani kuwa mkuu wa nchi kwa kura ya wananchi, hana jina la ukoo. Dóttir ni binti. Ni Vigdís binti Finnbogi, kama Siti binti Saad. Kumwita "Ms Finnbogadóttir" ni kumwita "Bi. Bintisaad". Huitwa Vigdís, hata katika hafla rasmi, na mgeni wako wa huko naye umwite kwa jina la kwanza bila wasiwasi. Waswidi wamefika hapohapo kwa njia nyingine. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya tiba ya serikali, alitangaza kwamba atawaita wafanyakazi wote du, "wewe" ya waliozoeana, na nchi ikamfuata. Fru na fröken, yaani Mrs na Miss zao, zikachakaa. Hej Anna inatosha. Neno la heshima mbele ya jina la Mswidi linamfanya ahisi anasukumwa mbali.

Vyeo vya kazi ndivyo vinavyopigiwa kelele zaidi siku hizi. Kwetu waziri ni waziri na yeye ni yeye. Kiswahili hakimwulizi mtu jinsia ili kumtaja. Kifaransa lazima kichague. Oktoba 2014 mbunge Julien Aubert alimwita Sandrine Mazetier, aliyekuwa akiongoza kikao cha Bunge, Madame le président, kwa le ya kiume. Akasahihishwa. Akarudia. Akakatwa robo ya posho yake ya ubunge ya mwezi mmoja. Mwaka 2019 hata Académie française, chombo kinachosimamia lugha ya Kifaransa, kilichokuwa kimekataa kwa miaka, kilizikubali kazi na vyeo katika umbo la kike. Wajerumani hawana ubishi mkubwa hapo, huongeza -in: Lehrerin, mwalimu wa kike, Ärztin, daktari wa kike, na tangu Angela Merkel aingie madarakani 2005, Bundeskanzlerin, kansela wa kike. Italia ina mvutano wake, kwani Giorgia Meloni alipoapishwa 2022 alichagua aitwe il presidente, umbo la kiume, wakati wanawake wengine waliotangulia katika vyeo vya juu walidai la presidente, umbo la kike. Ninyi si wa kuamua mvutano huo. Soma sahihi ya barua pepe yake: kama ni wakili, akiandika avvocata mwite avvocata, akiandika avvocato mwite avvocato.

Fomu yenu ibadilishwe hivi. Tenganisha sehemu mbili ambazo sasa zimechanganywa: ya kwanza "majina kama yalivyo katika pasi", isiyoguswa na mtu wa ofisini, ya pili "ungependa tukuiteje?", ambayo mgeni anaijaza kwa maneno yake. Neno la heshima liwe la hiari, na pawepo nafasi ya kuacha wazi. Waingereza wachache watataka Mx, ambayo haisemi jinsia, ikubalini. Kadi ya chumbani na bango la uwanja wa ndege la Kilimanjaro viandikwe kutoka sehemu ya pili, tiketi na vibali vya hifadhi kutoka ya kwanza.

Bado utapata bukingi ya jina tupu, nalo likudanganye. Andrea ni mwanamke Ujerumani na Hispania, lakini Italia kwa kawaida ni mwanamume. Simone ni mwanamke Ufaransa, mwanamume Italia. Joan ni mwanamke Uingereza, na kwa Wakatalunya wa Barcelona ni mwanamume. José María na Jean-Marie ni wanaume wote wawili. María José ni mwanamke. Camille na Dominique ni wa pande zote. Hapo acha neno la heshima kabisa, andika jina kamili: Bonjour Camille Martin, au Guten Tag Andrea Weber, kisha mkato. Hakuna Mfaransa wala Mjerumani atakayeona kasoro, na jibu lake likija, litakuja na sahihi.